Kitambaa Chekundu cha Mbuzi wa Kumi

Kitonga wa kule skimu ya mashamba, juu ya Msambweni, ana mdomo wa kumwuzia mwenye hoteli ya Diani mchanga wa mlangoni pake mwenyewe. Kanisani ndiye aliyekuwa akisimama kuwachekesha watu. "Mungu akinipigia simu, mimi nashika hapo hapo. Nyinyi wenzangu mwaizima."

Mkewe, Nzisa, hakuwa na maneno mengi. Kila mbuzi wa kumi aliyezaliwa zizini mwao alimfunga kitambaa chekundu shingoni. Huyo ni wa Bwana, atapelekwa Jumapili ya mavuno. Mara zote alikuwa beberu, na Kitonga akimtoa kwa mbwembwe. Safari hii wa kumi akawa jike, wa kahawia. Akakua, akazaa, kiwele kikajaa hata akawa anatembea miguu kando.

"Mungu yuko mbinguni," Kitonga akaanza. "Huko maziwa atampa nani?"

"Ulishamtoa, Baba Mwendwa. Si wako tena," Nzisa akamjibu mumewe.

Jumapili yenyewe Nzisa alitangulia na kwaya. Kitonga akakifungua kitambaa, akamfunga nacho mbuzi mwingine wa kahawia, mkongwe, kiwele kimekauka kama soksi iliyoanikwa. Njiani akakutana na jirani yake Matano, Mwislamu wa kijiji cha Bodo.

"Wampeleka wapi huyo, mtani?"

"Kwa Mungu."

Matano akamzunguka mbuzi, akambonyeza kiwele. "Sisi mbuzi wa Idi sharti awe mzima, hana ila. Kwenu huyu yuapita?"

"Wetu ana huruma." Kitonga akacheka. Alicheka peke yake.

Alikuwa anategemea mnada. Kila mwaka vitu vya sadaka hunadiwa nje ya kanisa, na mbuzi kama yule angekwenda kuwa supu Ukunda, habari ikaishia hapo. Lakini mchungaji akasimama akasema mwaka huu mbuzi jike hanadiwi, apewe Mama Mwelu. Watu wote walimjua: mjane, bintiye amefariki, amemwachia mjukuu mchanga.

Mama Mwelu akaja mbele, akaushika mkono wa Kitonga kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Kule kwenye kwaya Nzisa alishamtambua mbuzi. Akainamisha macho.

Tangu hapo akawa anamkama yule wa Bwana aliyebaki zizini, anamwekea mumewe chai ya maziwa, yeye anakunywa strungi, chai kavu. "Mpelekee Mama Mwelu mbuzi wake," alimwambia.

"Kesho."

Lakini atampelekaje bila watu kuuliza? Mchekeshaji mzima ageuke kichekesho? Ikawa kesho, na kesho nyingine. Na kila Jumapili Mama Mwelu akimfuata mlangoni. "Shikamoo" ya Kitonga ilikuwa haijaisha, yeye ashaanza kushukuru. "Maziwa bado hajatoa, mwanangu, lakini namkatia majani. Labda ni ugeni, hajatuzoea."

Kauli hiyo ndiyo iliyomnyima Kitonga usingizi. Asubuhi akamfunga kamba yule mbuzi wa maziwa, na mtoto wake nyuma, akaenda.

Mlango wa Mama Mwelu ulikuwa na kufuli. Yule mbuzi mkongwe alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya baraza, na jirani, Hanifa, alikuwa anamwekea maji.

"Amerudi kwao Kitui na mjukuu," Hanifa akasema. "Alikuwa akiomba maziwa nyumba kwa nyumba, akaingiwa na haya. Tulimwambia auze mbuzi apate nauli. Akakataa kabisa. Asema ni wa sadaka, hauzwi. Ameagiza arudishwe kwa aliyemtoa."

"Kitui ya wapi?"

"Hakusema, kakangu."

Kitonga akarudi na mbuzi wote watatu. Matano alimwona akipita, akafungua kinywa amtanie, kisha akamwangalia usoni, akampisha njia.

Mkongwe yuko zizini hadi leo, na kitambaa chake. Nzisa hakifungui. Kitonga naye hakigusi. Kanisani hukaa benchi la nyuma, na watu wakimwomba kichekesho, hutabasamu tu. Mgeni akiuliza habari za yule mbuzi asiyekamwa wala asiyechinjwa, Kitonga humjibu polepole kwamba si wake, ni wa watu, amewekwa amana tu.