Siku Niliyoufuta Ukoo wa Wakwe Zangu

Hili jambo nimelikalia kimya muda mrefu, na mke wangu mwenyewe huwa halitaji mbele za watu (ni ustaarabu wake tu, si kwamba kasahau), maana kila nikilikumbuka nasikia masikio yanapata moto kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Lakini leo mmeanza kunisifia hapa kwamba Eli hakuna kompyuta inayomshinda, na mie siwezi kukaa nikala sifa ambazo najua si zangu. Kuna kompyuta ilinishinda. Ilinishinda Chanika, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na ukoo wenyewe ndo huohuo niliokuwa najipanga kuupelekea barua ya posa.

Wakati huo nilikuwa naishi Segerea, nina kijiofisi changu Manzese cha kutengeneza laptop na printa, na nilikuwa na Adelina, ambaye sasa ndo mama watoto wangu. Baba yake, Mzee Nandonde, ni mtu wa Newala, alikuja Dar akiwa kijana akafanya ukarani wa masjala miaka yote mpaka akastaafu, akajenga Chanika. Ofisi yake ilipotoa vifaa vya zamani yeye akachukua kompyuta moja, yale madude yenye boksi la chuma lililolala kama sanduku la bati na kioo chenye mgongo mkubwa kuliko uso, akaiweka chumbani kwake, akaanza kuandika ukoo. Nani kazaliwa na nani, kaolewa wapi, kafa lini, jina la utoto, jina la ubatizo. Kukiwa na msiba au harusi mzee anakwenda na karatasi mfukoni, anauliza uliza kwa upole, akirudi nyumbani anaingiza kwenye kompyuta. Kazi hiyo aliifanya zaidi ya miaka ishirini.

Sasa ile kompyuta ikachoka. Ukifungua majina inakoroma, inakwama katikati, inaandika kwamba hapa pamegoma kusomeka, ukiibembeleza inaendelea, kesho inagoma pengine. Na mkutano wa ukoo ulikuwa unakuja, watu wanatoka mpaka Masasi na Mtwara, na mzee alitaka siku hiyo majina yote yasomwe. Adelina akaniambia kwenye simu, maneno ya kawaida tu, kwamba baba ana wasiwasi na kompyuta yake. Hakuniomba kitu. Mie ndo nikadakia nikasema mwambie baba alale usingizi, hizo za zamani ndo zangu.

Hazikuwa zangu. Kompyuta ya aina ile nilikuwa nimeigusa mara moja chuoni, tena nikiipanguza vumbi. Nilichokuwa nacho kichwani ni video moja ya jamaa mwenye ndevu akifufua diski kongwe, nimeiangalia mara nne nikajiona fundi. Alichokuwa anaeleza ni kwamba ndani ya diski kuna mistari ya sumaku ambayo taarifa zinakaa juu yake, na kwa hizi kongwe mistari inafifia na umri, kwa hiyo unaifomati kutoka chini kabisa, yaani unaichora mistari upya yote, halafu unaigawa diski mafungu unayotaka, halafu ndo unaifomati ile fomati ya kawaida tunayoijua wote, na diski inarudi kuwa nzima. Ila ukishachora mistari upya, kilichokuwepo kimekwenda, hakuna fundi wa kukirudisha. Kwa hiyo lazima uhamishe vitu kwanza. Hilo nililijua. Sitaki mtu anitetee baadaye kwamba sikujua.

Adelina alinisihi niende Ijumaa nitulie nayo peke yangu. Nikasema ya nini, nusu saa inatosha, nikaenda Jumamosi yenyewe ya mkutano, nimevaa shati jeupe jipya nililolipiga pasi mara mbili. Nafika pale, turubai limefungwa uani, masufuria yako motoni, watu kama sitini, nikaanza kugawa shikamoo mpaka mdomo ukakauka. Kompyuta wameshaitoa chumbani wameiweka sebuleni, na binamu yake Adelina kaja na projekta, kaiunganisha, kioo chote kinaonekana ukutani kikubwa kama shuka la kitanda. Mpango ulikuwa nitengeneze kwanza, watu waingie baadaye. Lakini Shangazi Asumta, dada mkubwa wa mzee, akasema hapana, mapazia yafungwe, watu waingie wote wamuone mkwe anavyofanya kazi. Pale ningesema Shangazi nipe kwanza nafasi, ningeeleweka. Nikacheka, nikakunja mikono ya shati mara moja tu, kistaarabu, nikakaa.

Nilikuwa nimekuja na diskete tatu, zile sahani ndogo za plastiki za zamani. Mbili zilikuwa zimeota ukungu, hazisomeki, na moja nzima ndo ya kuwashia mashine. Ya kuhamishia vitu sina. (Kuna dada mmoja nyuma akauliza kwani flashi haichomeki? Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu kwamba hii mashine ilitengenezwa kabla flashi haijafikiriwa, watu wakaguna kwa kunisifu, na mie nikavimba.) Halafu nikaona: mashine ina C, na ina D, na D ina nafasi ya kutosha. Moyo ukatulia. Nikasema nahamishia vitu vyote D, nafomati diski ya C, nikimaliza navirudisha.

Hapo ndo kwenye ule uamuzi mdogo. D inaweza kuwa diski ya pili kabisa, chuma kingine ndani ya boksi, na inaweza kuwa fungu tu la diski ileile moja, kama chumba na sebule ndani ya nyumba moja. Kujua ni ipi, unafungua boksi unahesabu. Skrubu sita. Lakini boksi lile lilikuwa na vumbi la miaka, mashimo yake yamezibwa na utando wa buibui, na mie nimevaa shati jeupe mbele ya wakwe. Nikajiambia, kompyuta ya ofisi kubwa kama ile haiwezi kuwa na diski moja. Sikufungua.

Nikahamisha. Niliona kwamba D tayari ina vitu, majina majina tu, nikadhani ni takataka za ofisini, sikuangalia. Mzee Nandonde alikuwa amevuta kiti karibu yangu, miwani puani, akainama akaanza kusema, taratibu kama kawaida yake, kwamba mwanangu, hiyo diski mimi nili... na mie nikamgusa goti, nikamwambia baba pumzika, niachie mimi. Alirudi nyuma akaegemea kiti chake.

Nikawasha kwa diskete, nikaandika ile amri ya kuita fomati ya chini, mashine ikauliza kama nina uhakika, ukutani pale maneno makubwa kila mtu anayaona, nikabonyeza kukubali kwa kidole kimoja, kwa madoido, kama mpiga kinanda wa kanisani. Namba zikaanza kupanda. Moja, mbili, tatu. Ni namba za mistari inayochorwa upya, lakini nani anajua? Shangazi Asumta akauliza kama inahesabu watu wa ukoo. Na mie, badala ya kumueleza, nikaona raha ya bure, nikamjibu ndiyo Shangazi, inahesabu.

Basi ilipofika mia wakapiga makofi. Mia mbili, makofi. Wazee wanaambiana kumbe sie wengi hivi. Mia tano wanawake wakapiga vigelegele, wapishi wakaacha masufuria wakaja mlangoni kuchungulia, na ilipokuja kusimama kwenye mia sita na kumi na nne Shangazi akainua mikono akamshukuru Mungu kwa uzao. Nilishangilia nao. Jamani, nilipiga makofi na mie.

Nikaita programu ya kugawa diski. Programu ile, kama mashine ina diski mbili, inakupa nafasi ya kuchagua ya kwanza au ya pili. Haikunipa. Nikatoka nikaingia tena. Inaonyesha diski moja, na diski hiyo haina fungu hata moja, nyeupe. Nikaandika D, kuiita. Ikanijibu hakuna kitu kama hicho. Nikaandika tena nikidhani nimekosea herufi, herufi yenyewe moja. Mara ya tatu, ukutani kila mtu anaona D, D, D, zimepangana, na jibu lilelile chini ya kila moja.

Adelina akaja akaninong'oneza, Eli, vipi. Nikamwambia inajipanga. Jasho lilikuwa limeshalibandika shati mgongoni, hilo shati nililolilinda na vumbi. Makofi yalikwisha kidogo kidogo, unajua watu wanavyohisi, ikabaki projekta tu inavuma.

Mzee akasimama nyuma yangu. Hakupandisha sauti.

"Uliwahamishia wapi?"

"D, baba."

Akavua miwani. "D na C ni diski hiyohiyo moja. Niliigawa mwenyewe, siku niliyoileta hapa. Walio hai niliwaweka C, marehemu nikawaweka D, sikutaka wachanganyike." Akaipanguza miwani kwa pindo la shati. "Nilitaka kukwambia."

Mie nilimuona mzee wa Newala mwenye miwani, sikumuona karani wa masjala aliyejifunza kugawa diski wakati mie niko chekechea. Anayejua zaidi mle ndani alikuwa amekaa pembeni yangu, na nilikuwa nimemwambia apumzike.

Shangazi Asumta alikuwa bado hajaelewa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa hao mia sita wamekwenda wapi, baba?"

Ningeweza kusema mashine imeleta hitilafu. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilishamdanganya mara moja yule mama na alishashukuru Mungu juu ya uongo wangu. "Hawakuwa watu, Shangazi. Ilikuwa ni diski inafutwa. Nimewafuta wote."

Kuna mtu alicheka, akajizuia, ikawa kikohozi. Mzee mmoja kutoka Masasi akauliza kwa sauti ya kawaida kijana huyu ni wa nani, na Adelina akageuka akaelekea jikoni. Mzee Nandonde akasema watu waende wakale, chakula kinapoa, wakatoka mmoja mmoja wakinipitia pale kwenye kiti kama wanavyopita kwenye jeneza, macho chini. Nikabaki na ukuta.

Nilitaka kuondoka kwa mlango wa nyuma. Nimefika jikoni, Adelina kasimama pale, mikono kifuani, macho mekundu. Akaniambia nikitoka sasa nisirudi, na kama nina aibu kweli niende nikakae na watu niwaulize majina. Alikuwa ameshika daftari nene, kaunta buku ya kwire mbili, na kalamu, akanisukumia kifuani.

Nikarudi. Nikakaa chini ya turubai, kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaandika. Walikuja mmoja mmoja, wengine kwa kunihurumia, wengine ili wanione karibu, wakanitajia baba zao na bibi zao, na kila aliyemaliza alinitazama hivi, kama kuhakikisha kalamu inaandika kweli. Chakula sikukigusa. Shangazi Asumta alikuja wa mwisho, akataja watu arobaini bila kupumua, halafu akasema safari hii nisiwahesabu kwa mashine.

Baada ya hapo nilikwenda Chanika kila Jumamosi karibu mwaka mzima. Mzee anakumbuka, mie naandika, na barua ya posa niliificha kwenye begi miezi minane kabla sijapata uso wa kuitoa. Aliipokea. Siku ya harusi katika hotuba yake hakugusa kabisa habari ya kompyuta, na mie kule kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko kama angenisema. Shangazi zake Adelina, wao mpaka leo wananiita Mfutaji, mbele ya watoto wangu, nami naitika.

Walio hai tuliwapata wote. Marehemu wengi tuliwapata. Ila kuna wale wa zamani sana, wachanga waliokufa hata hawajabatizwa, ambao mama yake mzee ndo alimtajia akiwa kitandani kabla hajafariki, na mzee akayaingiza majina kwenye kompyuta akaichana karatasi, maana yalikuwa salama. Jumamosi moja tulifika kwa mdogo wake wa kumfuata, mtoto wa kike aliyeishi wiki chache. Mzee akafumba macho kutafuta jina. Akatafuta muda mrefu, midomo inajaribu jaribu, mie nimeshika kalamu juu ya daftari. Mwisho akafumbua macho.

"Andika mtoto wa kike," akaniambia. "Basi."

Nikaandika hivyo, na ndivyo ilivyo mpaka leo kwenye daftari. Kwa hiyo mkiniletea kompyuta ya mtu, ya zamani au mpya, na mkaniona nimeziacha skrubu nimekaa kwanza na mwenyewe namuuliza, namsikiliza mpaka amalize, hata kama anazunguka, hata kama foleni ya wateja imefika barabarani, msinisifie kwamba ni ufundi. Naogopa tu kumkatisha mtu tena.