Namba ya Mama Pindo

Dada yangu ni mshonaji, na mtaa mzima humwita Mama Pindo kwa sababu kila nguo ya mtoto huiachia pindo la vidole vinne kwa ndani. Mtoto anarefuka, husema, nguo isimzuie. Mimi ni msusi. Tumegawana chumba kimoja cha mbele: cherehani yake dirishani, kiti changu mlangoni, na katikati maneno, maana mdomo wangu haujui likizo.

Mwanawe, wa pekee, aliondoka akiwa na miaka ishirini kwenda kutafuta vibarua vya ujenzi nchi ya mbali. Alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mama, usibadilishe namba. Ndiyo pekee niliyoishika kichwani." Baada ya hapo kimya, na sasa ni mwaka wa kumi.

Basi dada akaitunza ile simu kama yai. Aliishonea kifuko akakifunga kwenye shingo ya cherehani. Ikilia, mguu unaiacha pedeli hata kama sindano imezama katikati ya gauni la harusi. Akienda kuoga, simu inaingia naye ndani ya mfuko wa nailoni. Namba yenyewe iliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya dirisha letu, na hakuna mwanamke mtaani asiyeijua kwa kichwa, kwa jinsi walivyoipiga kuulizia nguo zao. Dada yangu hajawahi kumaliza gauni siku aliyoahidi.

"Mvumilivu hula mbivu," aliniambia kila nilipomtania.

"Mbivu zenyewe zimeshaoza, dada. Hatapiga."

Nilicheka nikisema hivyo, lakini haukuwa mzaha. Yule mtoto nilimbeba mgongoni mimi pia. Aliniita mama mdogo kabla hajajua kuomba maji. Nilimtamani mpaka nikachoka, ndipo nikamzika moyoni, bila sanda wala kaburi, nipate kulala. Kumwona dada akiinamia kile kifuko kulinitia hasira, kwa sababu kila mara alinifukulia maiti yangu.

Mwaka jana zahanati yetu ilikaribia kufungwa. Ni vyumba viwili na ukumbi wa mabenchi, na wakunga walikuwa wawili. Mmoja alihamishwa, akaondoka na laini yake, na hiyo ndiyo namba watu waliyokuwa wakiipiga. Wiki iliyofuata mke wa fundi wa kuchomelea mageti alijifungulia kwenye ngazi za zahanati, mlango umefungwa, mumewe akipiga namba isiyopatikana, na mkunga aliyebaki yuko kwake hatua mia mbili tu, anafua. Mtoto alipona kwa bahati.

Kesho yake watu walijaa ukumbini. Mkunga alikaa akikumbatia mkoba, na ndani ya mkoba, tulijua sote, mlikuwa na barua ya kuomba uhamisho.

"Nitanunua laini mpya," alisema.

"Laini mpya nani ataijua?" fundi akamjibu. "Mke wangu angeitafuta kwenye karatasi gani, katika hali ile? Bora pafungwe tujue moja."

Ndipo dada akasimama, akatoa simu yake. "Chukueni hii. Namba yake mnaijua wote."

Nilimvuta gauni. "Dada, wape simu, laini ubaki nayo."

"Simu wanazo, mdogo wangu. Wanachokosa ni namba."

"Na akipiga?"

"Mwenye uchungu hawezi kungoja," alisema. "Mimi nimeshazoea." Kisha akamgeukia mkunga. "Nesi, akipiga mwanangu, mwambie asikate. Nitumie mtu, nitakuja mbio." Mbio na magoti yale.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Waliosema hivyo hawakutuambia moyo hubaki na nini ukishatoa. Jioni ile dada alishona mstari mmoja, akasimama, mkono ukapapasa kifuko kitupu. Akashona tena, akapapasa tena. Nilimfokea kwamba amejitakia mwenyewe, kisha nikaketi chini karibu na pedeli nikalia naye.

Asubuhi yule fundi alifika zahanati na vyuma vyake, akaunga benchi lililovunjika, akaondoka bila salamu. Mkunga hakuipeleka barua. Wanawake tulipanga zamu za kushika simu, maana mkunga akishavaa glavu hawezi kugusa kitu. Halafu likazuka jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Simu ikilia kwa namba ngeni, mabenchi yote yananyamaza. Wajawazito ambao hawakumwona yule kijana hata siku moja wanamkazia macho mwenye simu. Akiona siye, anawaambia, "Bado," na wao wanaitikia, "Bado," kisha mazungumzo yanaendelea. Mmoja alianza kumwombea. Wengine walibishana kama ameota ndevu. Hata fundi, ambaye haamini mpaka aguse, alinisimamisha njiani kuniuliza, "Kijana hajapiga?" Nilitaka kumwambia ninavyojua mimi. Ulimi ukaniishia nguvu, mimi, msusi.

Mwezi uliopita, zamu yangu, simu ililia mchana. Namba ndefu, ya mbali, haikuanza kama zetu. Mabenchi yakanyamaza. Nikamwona mwanamke mmoja akichomoka mlangoni kwenda kumwita dada. Nilipoipokea nilisikia mkwaruzo tu.

"Usikate," nilisema. "Mama yako yupo, anakuja. Ni mama mdogo hapa. Baba, usikate."

Mkwaruzo ukaisha. Ilikuwa sauti ya mzee, yuko safarini, anamuulizia binti yake. Nikamwambia amejifungua salama, wa kike, wote wazima. Alishukuru sana, nami nikamshukuru, sijui kwa nini.

Nilipoiweka simu chini, dada alikuwa ameshafika mlangoni, utepe wa kupimia ungali shingoni, ameshika kifua, anahema. Ukumbi mzima ulikuwa unaningoja. Miaka yote hiyo nimemwambia dada yangu neno moja, hatapiga, na sikuwahi kulikosa mdomoni.

"Bado, dada," nilimwambia, na nilikuwa namaanisha.