Kidonge cha Kugawana

Tarumbeta, mwanamke fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa sauti yake, alirudi kutoka kliniki amefura kwa hasira.

"Wamekupa nini?" dada yake aliuliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Maneno! Eti presha imepanda kidogo tu, hatari ya moyo kwangu ni ndogo, vidonge bado. Nipunguze chumvi, nitembee. Nitembee! Mimi mbuzi aliyekata kamba?"

Dada mtu alicheka mpaka mshono ukaenda upande. Yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa hasa, mwenye kidonge cha presha kila asubuhi na onyo la daktari asikiache.

"Si una bahati, mdogo wangu."

"Bahati gani? Wewe unalindwa, mimi nafukuzwa barabarani. Baba alikufa kwa moyo. Kwani mimi si mtoto wake?"

Maneno hayo yalimwingia dada mtu. Tangu wabaki yatima, wawili hawa walikuwa na chumba kimoja, cherehani moja ya kupokezana, na hata mche wa sabuni waliukata katikati. Kesho yake aliweka kidonge juu ya meza ya kukatia nguo, akakipasua kwa wembe wa kufumulia.

"Haya, shika nusu yako. Na ukome kununa."

Tarumbeta akameza, akajiona naye kalindwa. Chumvi aliitia bila hofu. Kutembea akawaachia mbuzi. Ikawa hivyo kila asubuhi.

Dada mtu akaanza kulalamika kuumwa kichwa.

"Ni hiyo miwani yako, imechoka," Tarumbeta akamwambia.

Mchana mmoja, akipinda suruali ya mteja, dada mtu alilegea upande mmoja, mdomo ukapinda, akaanguka chini. Walipofika hospitali alikuwa hasemi.

"Dawa alikuwa anameza?" daktari aliuliza.

"Kila siku. Tunagawana."

"Mnagawana? Na nani?"

"Na mimi."

"Wewe hukuwa na haja nayo, mama. Wewe ulihitaji kutembea tu na kupunguza chumvi. Yeye ndiye aliyehitaji kidonge kizima."

Dada mtu hakuamka tena. Msibani majirani, mmoja mmoja, walimshika Tarumbeta mkono, wakimwambia ni kazi ya Mungu. Tarumbeta akaitikia kwa kila mmoja, "Ni kazi ya Mungu," akamwachia Mungu abebe lawama.