Vita vya Fanuel vya Askari Watano

Fanuel Omanga anakiri mwenyewe, tena akicheka: siku hiyo mjinga alikuwa yeye.

Ni asubuhi mjini Migori. Fundi huyu kutoka Uriri, anayesubu sufuria kwa alumini iliyoyeyushwa, anapanga askari wa alumini, wenye kimo cha kidole gumba, juu ya kaunta ya Hadiya, mwenye duka la vyombo. Ng'ambo ya kaunta amesimama Werema, rafiki yake wa Isebania, adui wake katika mchezo wa vita wa siku hiyo.

Sharti la Hadiya ni moja: mchezo uishe yeye akitazama, ndipo auze seti za askari hao likizo ya shule.

Fanuel anahitaji nafasi kwenye rafu za duka hilo. Sufuria za viwandani zimempokonya wateja. Kuna wiki anauza mbili tu.

Sheria za vita hivi vya mezani alizipata kwenye simu. Kule kikosi kina askari ishirini, kila mmoja hurusha dadu, na sita pekee ndiyo huua. Seti kubwa hivyo ingemaliza alumini yote anayookoteza hadi Kosele. Akapunguza kikosi kiwe cha watano.

"Nilipunguza watu, sheria nikaiacha vilevile," anasema.

Dadu ishirini hazikosi sita. Dadu tano? Mbili, moja, nne, tatu, tatu. Hakuna maiti. Werema anarusha. Hakuna maiti.

"Omera, ndugu yangu, hawa wanapigana ama wanasalimiana?" Werema anauliza.

Wateja wawili waliosogea kutazama wanapiga miayo, wanaenda zao. Hadiya anaanza kupanga vikombe.

Fanuel anazikusanya dadu. "Basi tano nayo iue!" anatangaza. Sasa askari wanaanguka, kelele zinarudi, hadi anabaki mmoja kwa mmoja, dadu moja moja. Mchezo unakwama tena.

"Kikosi kikipoteza watatu, waliobaki watoroke. Mchezo umeisha," Werema anashauri.

Fanuel anakataa katakata. Askari hao amewasubu mmoja mmoja, akawapiga msasa kwa mkono wake.

"Vikombe navisogeza, askari wako wapate rafu," Hadiya anasema, "lakini kwa sheria hiyo ya Werema."

"Mama, askari wangu hakimbii!"

"Askari wako abaki, fundi. Mteja wangu ndiye hukimbia mchezo usipoisha."