Sinema Niliyokataa Kuimaliza

Harufu ya bisi hunirudisha Dagoretti, mtaa nilikokulia, ingawa nilizila mara ya kwanza Westlands, upande mwingine wa jiji. Nilikuwa darasa la tano. Shangazi yangu, karani wa ofisi moja kule, alinipeleka sinema siku tuliyofunga shule. Atieno, rafiki yangu wa mlango wa pili kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, alibaki getini akinipungia mkono. Nilimwekea bisi mfukoni mwa sweta. Zilifika zimelegea, na bado alizila zote.

Sisi watoto tulikuwa na sheria: aliyeona sinema lazima awahadithie wasioiona, bila kuruka hata mlio wa mlango. Sinema hii ilihusu watoto wawili waliogeuza basi bovu kuwa meli. Nikamketisha Atieno kwenye ngazi za nyuma, chini ya kamba za nguo, nikaanza. Mashuka yakawa matanga. Upepo ulipoleta harufu ya machinjio ya jirani, tulikubaliana ni nyangumi aliyeoza.

Wiki hiyohiyo babake Atieno akasema wanahamia Kisumu mwisho wa mwezi. Basi nikafanya ujanja. Nilijiambia kwamba nisipoimaliza sinema, hataondoka, kwani nani huondoka katikati ya hadithi? Nikaongeza visiwa, majambazi, na kuku anayesoma ramani. Sinema ya saa mbili ikala wiki tatu.

“Shiro, wacha uongo. Kuku haiwezi soma map,” Atieno alisema. Kisha akasogea karibu. “Haya, endelea.”

Siku ya kuhama, godoro lao likiwa tayari juu ya pikapu, alinivuta kando.

“Niambie tu. Mwisho ilikuwa aje?”

“Bado. Nitakumalizia ukirudi.”

“Na nisiporudi?”

“Utarudi.”

Alinitazama kidogo, kama mtu anayesubiri kuongezewa chai, halafu mamake akamwita, naye akapanda pikapu.

Hakurudi. Mama alinituliza kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana, nami nikaishikilia methali hiyo miaka mingi kuliko inavyostahili. Kila pikapu iliyoingia kwenye ploti niliikimbilia.

Sasa niwaambie ninyi mwisho wenyewe. Mtoto mmoja anahama. Wanasimama mlangoni mwa lile basi, kila mmoja anamwambia mwenzake alichompendea, kisha wanaachana. Nililia hadi Shangazi akaniazima leso yake. Nilidhani nikimficha Atieno sehemu hiyo, itatupita sisi.

Nina hamu naye hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanaonicheka nikilia mbele ya televisheni. Nilichelewa mno kuelewa kwamba siku ile kando ya pikapu hakuwa akiulizia sinema. Alikuwa akiniomba tuagane, nami nikamwambia asubiri.