Makala ya Juu Kabisa

Hospitali nzima ilimwita Mama Nyamazeni. Alikuwa mkutubi wa kile chumba cha vitabu kando ya stoo ya mashuka, na ole wako ukiburuta kiti. Lakini wiki hiyo mpiga kelele alikuwa yeye mwenyewe.

"Kompyuta hii ina laana!" alifoka. Aliandika protoni, ikamletea dawa za kiungulia, ukurasa baada ya ukurasa. Akaongeza neno uvimbe, akaletewa panya wa maabara. Na kila alipoipata makala yenyewe hasa, alionjeshwa muhtasari wa mistari michache, kisha akaambiwa: weka nywila. Nywila ya hospitali ilikwisha muda wake, na ofisi ya juu ilikuwa ikimwambia "kesho" tangu mvua zilizopita. Akawaandikia watafiti wenyewe kuwaomba nakala. Mmoja akajibu yuko likizo. Likizo! Watu roho mkononi, yeye yuko likizo!

Maana aliyekuwa akitafutiwa ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani, mwenye uvimbe nyuma ya macho. Mionzi iliyokuwepo hospitalini hupenya ikatokea upande wa pili wa kichwa, na njiani ingeweza kumpofusha. Mionzi ya chembe, ile ya protoni, walisema madaktari, husimama pale inapoagizwa. Ila mashine yake ilikuwa nchi ya mbali, na jopo la madaktari halimpeleki mgonjwa huko bila utafiti wa kueleweka. Lingekaa Alhamisi.

"Dada, umepata?" fundi alimpigia simu kila asubuhi.

"Natafuta. Wewe tunga uzi wako."

"Siku hizi nautunga kwa kupapasa," alisema fundi akicheka, na kicheko kile kikamuuma dada kuliko kilio.

Jumatano watafiti wenye utu wakatuma nakala. Nne zilisifu. Ya tano ikamkata maini: uvimbe ukishashika mishipa ya kuonea, ilisema, mionzi ya chembe haikuokoa macho zaidi ya ile ya kawaida. Picha za mdogo wake alikuwa ameziona. Ulishashika.

Sasa, Mama Nyamazeni alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyethubutu kuugusa: makala inayopinga hukaa juu kabisa ya bahasha, kwa sababu madaktari, alisema, husoma ya juu na kuzisinzilia zilizobaki. Safari hii aliiweka juu, akaitoa, akairudisha. Kuichana alishindwa; mkono ulikataa. Mwishowe akaisukumia chini kabisa.

"Mungu nisamehe," alinong'ona, "na wao wasinzie."

Alhamisi mkuu wa mionzi aliipokea bahasha mlangoni mwa chumba cha kikao. Akazitoa karatasi, akazipindua zote, akaanza na ya chini.

"Daktari, mbona waanzia huko?" alimdaka Mama Nyamazeni.

"Aa, mama! Miaka yote hii unatuwekea mkosi juu. Mimi huanza na ya chini, nipate moyo kwanza."

Akasoma. Tabasamu likamwisha usoni. Akaitazama ile iliyokuwa juu, ya kusifu, akamtazama yeye, akaelewa. Akaingia ndani na karatasi zake.

Jopo halikukawia. Hakuna safari, atatibiwa hapahapa, kwa mashine iliyopo.

Aliporudi chumbani kwake simu ilikuwa inalia mezani, na watu wawili waliokuwa wakisoma wakimkodolea macho, wakingoja ainyamazishe.

"Dada, wamesemaje? Nakujua wewe, huanza na baya. Leo anza na zuri."

Alilitafuta hilo zuri.

"Jioni nakuja," alisema, akilia mbele za watu. "Nakuja kukutungia uzi."