Kioo cha Babu Kwenye Nyumba ya Samaki

Juzi maabara, mwenzangu wa benchi moja aliangusha chupa ya kupimia, ikapasuka, naye kwa kiherehere akamwambia mwalimu kwa Kiha cha kwetu, "Madam, nimemena." Darasa zima lilisubiri adhabu. Mimi nikacheka mpaka nikatolewa nje, nikakaa juu ya tofali nikiwaza samaki. Najua, mtu wa kidato cha pili hana umri wa kusema "enzi zile". Nivumilie hivyohivyo.

Enzi zile, basi, nilikuwa darasa la sita, ninaishi na bibi hapa Kasulu. Nyumba iliyopakana na yetu alipangishwa mwalimu wa sekondari, mtu wa Tanga, mpole, mwenye sweta moja la kijani alilolivaa mpaka likaanza kufanana naye. Sebuleni kwake kulikuwa na sanduku la kioo lenye samaki wadogo wa milia kutoka ziwani Kigoma. Sisi samaki tuliwazoea wakiwa wamekauka, au wanaogelea kwenye mawese. Bibi alipowaona mara ya kwanza aliwatazama kwa adabu, kisha akauliza wanapikwa lini. Mwalimu akasema hawapikwi. Bibi akauliza sasa wanakula bure kwa kazi gani. Nadhani hata leo swali liko palepale.

Siku moja mwalimu akaja kutuambia kwamba Jumamosi anatoboa. Mimi nikampongeza, maana kwa vijana kutoboa ni kufanikiwa maishani, nikadhani ameukwaa ukuu wa shule. Kumbe anatoboa kioo. Mtu amenunua kitu kisichovuja, halafu anakiwekea tundu! Akatueleza kwa mikono: tundu linakaa juu, mgongoni mwa sanduku, ndani yake unabandika kisanduku kidogo, maji yakizidi yanafurikia humo, yanashuka kwa bomba mpaka tangi la chini, pampu inayarudisha juu. Yanazunguka tu. Bibi akauliza yanakwenda wapi. "Yanarudi," mwalimu akasema. Bibi akaniangalia mimi, kama vile mimi ndiye niliyemleta huyu mtu mtaani.

Sababu yenyewe tuliijua baadaye, siku aliyokuja kuazima chumvi akasahau kuondoka. Ilikuwa mke wake. Huyo mama alizaliwa anasikia bahari. Alikuja Kasulu mara moja, akakuta baridi, matope mekundu na ukimya ambao alisema unamwuma masikio, akapanda basi akarudi kwao. Sasa alikuwa amekubali kuja tena wiki iliyofuata, ila alishaapa kwamba safari hii ikimshinda, asiitwe tena. Mwalimu alitaka akifungua mlango asikie maji yakianguka. Ndoa nzima ilikuwa inategemea tundu la saizi ya kifuniko cha chupa ya chai.

Jumamosi samaki wakahamia kwenye sufuria letu kubwa la misiba, maji tele na moto hakuna, jambo ambalo sufuria lenyewe halikulielewa. Sanduku likalazwa uani juu ya gunia. Mwalimu aliazima drili kwa seremala, akaifungia biti ya duara ya kutobolea, mfano wa kikombe chenye meno. Kazi yangu ilikuwa kumwagia maji kutoka kwenye birika, kioo kisipate moto kikapasuka. Bibi alikuwa msimamizi. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alikuja na kigoda chake na bakuli la muhogo wa kuchemsha, akaanza.

Hapa lazima nikuambie kitu kuhusu Kiha cha bibi yangu. Kumena ni kumwaga. Kumena vilevile ni kuvunja. Neno moja, hasara mbili. Nadhani wazee waliona kilio ni kilekile. Sisi tunaelewa kwa kuangalia kilichopo mkononi. Lakini mwalimu, Kiha chake chote alikiokota maabara, kwa wanafunzi waliomletea vipande vya chupa wakisema wamemena. Kwake neno lilikuwa na maana moja tu, na ilikuwa mbaya.

Drili ikalia. Unga mweupe ukaanza kutoka. Mimi nikawa nimezubaa kidogo, namwangalia kuku anayechungulia sufuria, birika limeinama bila kutoa kitu. Bibi akaona.

"Mena!" akanipigia kelele. "Mena, mena!"

Mwalimu akasikia kimevunjika. Akashtuka, akaegemea drili ili asianguke, na kioo, ambacho mpaka hapo kilikuwa kizima kabisa, kikasema "ki!" Tundu likatoka limemeguka ukingo, na ufa ukapanda juu urefu wa kidole.

"Nani kasema kimevunjika?" mwalimu akauliza.

"Mimi nimesema amwage," bibi akasema.

"Umesema kimemenwa."

"Si ndiyo, amene."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja ana haki na hakuna anayeelewa. Nilipofanikiwa kuwatafsiria, mwalimu alikaa chini kwenye matope na sweta lake, akalitazama lile tundu. Bibi akaingia ndani. Nilidhani amekasirika.

Akatoka na picha ya babu. Ile ya pekee, babu kavaa koti la kuazima, iliyokuwa ukutani tangu kabla sijazaliwa. Akang'oa vimisumari vya nyuma, akachomoa kioo, akakifuta kwa kitenge, akamwekea mwalimu mapajani. "Ziba," akasema. Hakusema pole, hakusema samahani. Mwalimu akaanza kukataa. Bibi akamwambia marehemu hakuwahi kuzuia kitu maishani mwake, si hela si maneno, acha ajaribu maji.

Kioo cha babu kikakatwa kipande, kikabandikwa kwa ndani kwa gundi ya silikoni, kikafunika tundu na ufa wake. Tukaacha kikauke siku kadhaa, huku jirani aliyekuja kuazima sufuria akifunua kifuniko na kuondoka bila kuaga. Kisha tukatoboa upya kona ya pili. Safari hii tulizungushia udongo wa kichuguu kama kiukuta, maji yakasimama humo yenyewe, pasiwe na haja ya kuamrisha mtu. Bibi alijijaza muhogo mdomoni mpaka mwisho. Drili ikazama polepole, na kipande cha duara kikadondoka kama biskuti. Hakuna aliyeshangilia. Tuliogopa hata kupumua Kiha.

Mke wa mwalimu alifika, akasimama mlangoni, akasikiliza. Akasema kuna bomba limeachwa wazi. Ndiyo hayo maneno yaliyogharimu vioo viwili! Kwa muda mrefu alikuwa akinyanyuka kwenda kufunga bomba lililofungwa. Lakini hakuondoka. Mwalimu anaamini ni maji. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba alipoambiwa kiraka kimetoka wapi, alikuja kwetu, akaitazama picha isiyo na kioo, akakaa jikoni akamsaidia bibi kumenya muhogo mpaka jua likazama, na kesho yake akarudi.

Mwaka huu wamehamishwa, wakaondoka na sanduku limefungwa kwenye magodoro. Sikuwahi kujua kwamba ukutani kwetu sauti ya yale maji ilikuwa inapenya mpaka ilipokatika. Jioni sasa ukimya unaniuma masikio, na mimi bahari sijawahi kuiona.

Moshi wa jikoni unamla babu pichani kuanzia miguuni. Wiki iliyopita nilimwambia bibi tumtafutie kioo kingine kabla haujafika usoni. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinua hata kichwa.

"Kioo anacho," akasema. "Kiko kazini."